Kumnywesha Mwenye Kiu: Habari za Dawa ya Kolera

Katika katekisimu tulifundishwa kwamba kumnywesha mwenye kiu ni tendo la huruma. Tulijibu bila shida, maana ni nani asiyeweza kutoa kikombe cha maji? Lakini kwa miaka mingi watu wengi, na waganga wenye elimu pamoja nao, waliwanyima maji wagonjwa waliokuwa wakifa kwa kukaukiwa. Ugonjwa wenyewe ni kipindupindu, ambao wengi wetu huuita kolera. Yafaa tuzijue habari zake, sisi wa Kakontwe hasa.

Kwa nini sisi hasa? Kakontwe yetu hapa Likasi inajulikana kwa mawe yake ya chokaa. Wenye elimu ya miamba wamelitwaa jina lake wakaliita kwalo jiwe hilo, hata ng'ambo ya mpaka, katika Zambia. Basi jiwe la chokaa lina nyufa nyingi. Maji hupita ndani yake upesi, wala hayachujwi kama yanavyochujwa na mchanga. Uchafu wa choo ukiingia katika nyufa hizo, waweza kufika kisimani pamoja na vijidudu vyake. Tena kolera si mgeni kwetu: mwanzo wa mwaka 2008 iliwashika watu wengi wa Likasi na Lubumbashi.

Ugonjwa huu ulitoka Bara Hindi, ukaanza kuenea katika nchi nyingine mwaka 1817. Ulipofika Uingereza mwaka 1831, waganga hawakujua la kufanya. Waliwatoa wagonjwa damu, wakawapa dawa za kuharisha, kana kwamba hawajaharisha vya kutosha. Wengine waliwakataza kunywa, wakidhani kwamba maji huongeza kuhara. Mganga kijana, O'Shaughnessy, aliipima damu ya wagonjwa, akaona imepungukiwa na maji na chumvi. Mwaka 1832 Thomas Latta wa Scotland alitia maji ya chumvi katika mshipa wa mama mzee aliyekuwa karibu kukata roho. Mama huyo akapata nguvu, akasema hana maumivu tena. Latta akaondoka, akidhani amepona. Lakini kuhara kulirudi, hakutiwa maji mengine, naye akafa siku ile ile. Latta mwenyewe alifariki mwaka 1833, na kazi yake ikasahauliwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha huko London kwamba kolera huletwa na maji machafu. Mwaka 1884 Robert Koch alikitambulisha kijidudu chenyewe. Baadaye waganga wa Calcutta waliirudia dawa ya mshipa, na wagonjwa wengi wakapona. Lakini dawa hiyo yataka sindano, chupa safi na muuguzi aliyefundishwa. Kijijini vitu hivyo viko wapi?

Hapo ndipo ulipoonekana mlango mwingine. Mwaka 1960 Robert Crane wa Marekani alieleza kwamba katika utumbo sukari na chumvi huingia mwilini pamoja, kama ndugu wawili walioshikana mikono, na maji huwafuata. Tena mlango huo haufungwi na kolera. Mwaka 1968, huko Dhaka, madaktari Nalin na Cash pamoja na wenzao wa nchi ile walionyesha kwamba mgonjwa anayekunywa maji yenye sukari na chumvi hurudishiwa sehemu kubwa ya maji aliyopoteza, bila mshipa kuguswa.

Wengi hawakuamini. Ndipo mwaka 1971 vita ya Bangladesh ilipowakimbiza watu kwa mamilioni mpaka Uhindi. Katika kambi ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliona chupa za mshipa zinakwisha, na wagonjwa wamelala sakafuni. Akachanganya sukari, chumvi na magadi kwa kipimo, akayatia maji hayo katika mapipa, akawaambia jamaa za wagonjwa wawanyweshe kikombe kwa kikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100. Sasa walikufa chini ya 4. Walioitoa dawa walikuwa mama, baba na dada.

Je, mambo yalikwisha hapo? Hapana. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walifika Goma, katika nchi yetu. Kolera na kuhara viliua watu wapatao 50,000 katika mwezi mmoja. Maji safi yalikuwa machache mno. Lakini wenye kuchunguza waliona jambo jingine pia: katika vituo vingi wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, na dawa ya kunywa haikutumiwa ipasavyo. Dawa ilikuwa imekwisha julikana zaidi ya miaka 20; desturi ya kuitumia ndiyo iliyokosekana. Kwa hiyo haitoshi elimu kukaa katika vitabu vya waganga. Hata wao hujifunza upya: mwaka 2002 kipimo cha chumvi na sukari katika pakiti kilipunguzwa, na tangu 2004 wanashauriwa kumpa mtoto anayehara zinki pia, kwa siku 10 hadi 14.

Basi nasi tujifunze. Mtu akianza kuhara, anyweshwe mara moja, wala asingoje kupelekwa hospitali. Pakiti ya dawa hutiwa katika lita moja ya maji safi. Pakiti isipopatikana, tia katika lita moja vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Usizidishe chumvi, maana yaweza kumdhuru mtoto. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena kidogo kidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea, au macho yakiingia ndani, akimbizwe hospitali, naye anyweshwe njiani. Maji ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa ya kusafisha, na choo kichimbwe mbali na kisima. Hapa kwetu penye jiwe la nyufa, hata umbali si dhamana.

Wako bado wazee wanaosema kwamba mwenye kuhara asinywe maji. Tusiwacheke, waganga wa zamani walisema vivyo hivyo. Tuwaeleze kwa heshima, tukianzia nyumbani na katika jumuiya zetu. Mama yule wa Scotland alikufa kwa sababu hakuendelea kupewa maji. Mgonjwa wetu asikose mtu wa kuketi kando yake na kikombe mkononi.