Neno la Tumaini Mpakani: Ushuhuda wa Makanisa Ngara na Biharamulo

Wamisionari wa Betheli, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta tayari kikundi cha Wahaya waliokuwa wakisoma Neno la Mungu katika vitabu vya Kiganda. Miongoni mwao alikuwa Andrea Kajerero. Tangu siku hizo ilidhihirika kwamba mwenye kiu ya tumaini hulipokea Neno anapolisikia kwa lugha anayoielewa, kutoka kwa mtu anayemwamini. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulithibitisha jambo hilo. Wakristo wa kawaida walishuhudia, wakatubu hadharani na kurudisha mali za watu, na majirani wakaona ya kuwa Injili ina nguvu.

Kusini, katika Ngara na Biharamulo, Walutheri hawakulima shamba peke yao. Waanglikana walikuwa na kituo chao Murgwanza, na Wakatoliki walikuwa na Jimbo la Rulenge, ambako Askofu Christopher Mwoleka alihimiza jumuiya ndogondogo za Kikristo.

Kipimo kikubwa cha ushuhuda huo kilikuja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 tu, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa uliozaliwa kwa usiku mmoja.

Wakati huo neno tumaini halikuwa jepesi kutamkwa. Ng'ambo ya mpaka, katika kanisa la Nyarubuye, watu waliokimbilia nyumba ya Mungu walikuwa wameuawa humo humo. Redio RTLM ilikuwa imetumiwa kuchochea mauaji. Wabatizwa walikuwamo miongoni mwa waliouawa, na pia miongoni mwa walioua. Kambini, mtoto asiye na hatia na mtu mwenye damu mikononi walisubiri maji katika foleni moja. Mhubiri angewaambia nini watu hao?

Jibu la kwanza lilikuwa diakonia. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwa na uzoefu wa miaka 30. Wilaya ya Ngara yenyewe ilikuwa imewapa wakimbizi wa Rwanda makazi huko Muyenzi katika miaka ya 1960. Mwenye njaa alihubiriwa kwanza kwa chakula, na mwenye kiu kwa maji.

Jibu la pili lilikuwa sauti. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera wilayani Ngara. Jina hilo, kwa Kirundi na Kinyarwanda, lina maana ya kutumaini na kuamini. Chombo kilichokuwa kimepanda chuki sasa kilipanda amani. Walutheri waliitambua thamani ya njia hiyo, kwani kuanzia mwaka 1963 hadi 1977 Fungamano lao liliendesha Redio Sauti ya Injili kutoka Addis Ababa.

Wenyeji nao walikuwa na karama yao. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo Mkristo wa Ngara aliweza kumfariji mgeni bila mkalimani. Alifanya hivyo huku misitu yake ikikatwa kwa kuni na usalama wake ukipungua. Naye pia alihitaji kuhubiriwa tumaini.

Lakini mkate na faraja pekee havikutosha. Mafundisho ya Kilutheri kuhusu Sheria na Injili yalipata uzito mpya mpakani hapo. Kumtangazia muuaji msamaha pasipo kuitaja dhambi yake ni kumdhulumu aliyefiwa. Na kuitaja dhambi pasipo kumwonyesha Msalaba ni kumfungia mkosaji mlango wa toba. Desemba 1996 wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa kwao. Wengi walirudi kuishi jirani na watu waliowaogopa, au waliowakosea. Huko ndiko neno walilolisikia Ngara lilikokwenda kupimwa.

Usharika unaomshukuru Mungu kwa miaka 100 umeachiwa urithi huo: kusema kwa lugha ya watu, kutumika kwa mikono, na kutoificha kweli. Mtume Petro anawaagiza waamini wawe tayari kumjibu kila aulizaye habari za tumaini lililo ndani yao. Karne ya pili nayo italeta waulizaji wake. Mungu na alijalie Kanisa lake lisikutwe kimya.