Hati ya Shehena: Asili ya Nguvu Zake katika Biashara ya Ng'ambo

Anunuaye mchele sokoni huutazama, huushika kwa mkono wake, kisha hulipa. Anunuaye bidhaa kutoka ng'ambo hana nafasi hiyo. Yeye hulipa mali ingali baharini, pengine imekwisha kuzama, wala hapokei kitu mkononi ila karatasi. Je, karatasi hizo zina nguvu gani mbele ya sheria? Jibu lake lilipatikana polepole katika mahakama za Uingereza, nalo lina maana hata katika Afrika ya Mashariki, kwani sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanganyika zilitungwa kwa kufuata mfano wa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893.

Hapo kale hati ya shehena ilikuwa stakabadhi tu. Katika bandari za Italia karani wa merikebu aliandika daftarini mali iliyopakiwa, na baadaye mwenye mali akawa akipewa nakala. Lakini safari zilikuwa ndefu, na wafanyi biashara hawakutaka kungoja merikebu itie nanga ndipo wauze. Wakaanza kuandika nyuma ya hati jina la mnunuzi mpya na kumkabidhi. Hivyo stakabadhi ikageuka kuwa ufunguo wa ghala lielealo.

Desturi hiyo ilijaribiwa katika kesi ya Lickbarrow na Mason. Turing wa Middelburg, katika Uholanzi, alipakia nafaka kwenda Liverpool kwa ajili ya Freeman wa Rotterdam. Freeman aliikabidhi hati ya shehena kwa Lickbarrow na wenzake, kisha akafilisika kabla ya kumlipa Turing. Turing akataka kuizuia mali yake njiani. Hapo palikuwa na watu wawili wasio na hatia, na mmoja hana budi kupata hasara. Mwaka 1787 mahakama iliwapa haki wenye hati. Mwaka 1790 mahakama ya juu ikaipindua hukumu hiyo. Shauri likafika mbele ya Baraza la Malodi, nalo likaamuru lisikizwe upya. Mwaka 1794 wazee wa baraza waliochaguliwa kuamua jambo hilo walithibitisha kwamba, kwa desturi ya wafanyi biashara, hati iliyoandikwa kwamba mali ikabidhiwe kwa amri ya mtu fulani huweza kuhamishwa kwa kutiwa sahihi, na milki ya mali huhama pamoja nayo. Sheria haikuizua desturi hiyo; iliikuta kwa wafanyi biashara ikaipokea.

Upungufu mmoja ulisalia. Aliyepokea hati alipata mali, lakini hakuweza kumshtaki mwenye merikebu kwa mkataba ambao hakuufanya yeye. Sheria ya mwaka 1855 iliuondoa upungufu huo kwa kumpa haki za mkataba wa uchukuzi.

Juu ya msingi huo ukasimama uuzaji ambao bei yake hujumlisha thamani ya mali, bima na nauli. Muuzaji hutimiza wajibu wake kwa kutoa hati tatu: hati ya shehena, hati ya bima na ankara. Mwaka 1915 Jaji Scrutton, katika kesi ya Arnhold Karberg, alisema kwamba huo ni uuzaji wa hati zihusuzo mali, wala si wa mali yenyewe. Mwaka 1916 majaji wa rufani walikubali hukumu yake, lakini baadhi yao waliyakataa maneno hayo: kwao ni uuzaji wa mali utimizwao kwa kutoa hati. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, ila matokeo yake yaonekana katika mashauri mawili yaliyofuata.

La kwanza ni la mwaka 1919. Merikebu Algonquin, iliyotoka New York kwenda London, ilizamishwa tarehe 12 Machi 1917, na wauzaji wakatoa hati baada ya hapo. Jaji McCardie alisema kwamba muuzaji aweza kutoa hati halali hata akijua kuwa mali imepotea, kwa sababu mnunuzi anayo bima na anayo haki juu ya mchukuzi. Hata hivyo wauzaji walishindwa: badala ya hati ya bima walikuwa wameandika barua tu, wakisema kwamba mnunuzi amekingwa na bima waliyo nayo wao. Ahadi ya bima si bima.

La pili ni la Hansson, lililoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 1922. Mbolea ya samaki iliuzwa kwenda Japani. Ilipakiwa Braatvag, Norway, tarehe 22 Aprili 1920 katika merikebu ndogo, ikahamishwa Hamburg kutiwa katika merikebu ya Kijapani. Hati ya shehena ilitolewa Hamburg tarehe 5 Mei, siku 13 baadaye. Mbolea haikuwa na kasoro, wala hakuna aliyesema haikupakiwa. Lakini kuanzia Braatvag mpaka Hamburg mnunuzi hakuwa na mkataba na yeyote. Lodi Sumner alieleza kwamba hati haina budi kumkinga mnunuzi mwendo mzima. Mnunuzi na benki huisoma karatasi peke yake. Hawawezi kwenda Norway kuuliza.

Kanuni zilizokubaliwa Brussels mwaka 1924 zilimlazimisha mchukuzi, mpakiaji atakapo, kuandika katika hati alama za mali, idadi au uzito wake, na hali yake ya nje. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1992 ilichukua mahali pa ile ya 1855, na ile ya mwaka 2023 ikakubali hati ya kielektroniki, mradi isiweze kutawaliwa na zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo neno stakabadhi halitoshi kuitaja hati ya shehena. Stakabadhi hueleza yaliyopita. Hati hii yaeleza yaliyopita, yashuhudia mkataba, na yampa aishikaye mali asiyoiona. Yeyote atakayeitafsiri sheria hii kwa Kiswahili bila kuzitenga maana hizo tatu atamnyima mnunuzi kile hasa alicholipia.