Nani Amekufa? Historia Fupi ya Keria

Fundi hakuuliza tunataka keria ya aina gani. Aliuliza, "Mnabeba nini?"

Tulikuwa watatu kwenye jua kali moja hapa Nyeri, na Probox ya binamu yangu, tukipanga safari ya Loiyangalani: Nyeri, Nanyuki, Isiolo, Laisamis, halafu unakata kushoto kuelekea Ziwa Turkana. Tukamtajia vitu. Hema mbili, magodoro, jiko la gesi, tairi la pili la akiba, mitungi mitano ya maji. "Ya lita ngapi?" Lita 20. Akapiga hesabu hapo hapo, na si hesabu ngumu, lita moja ya maji ni kilo moja. "Hiyo ni kilo mia na sijaweka hata chuma. Vijana, hamtafuti keria. Mnatafuta punda."

Tukacheka. Jioni nikamwambia shosho kwamba tunawekea gari keria. Yeye hakucheka. Akauliza, "Nani amekufa?"

Nilidhani nimekuja kununua vyuma vya kufunga juu ya gari. Kumbe nilikuwa nimeingia kwenye habari ndefu, na inaanza na neno lenyewe.

Keria ni carrier ya Kiingereza, yaani mbebaji. Neno hilo limeingia Kiswahili zaidi ya mara moja, na mara ya kwanza halikuhusu gari, lilihusu watu. Vita vya 1914 vilipofika Afrika Mashariki, Waingereza walikuwa wanapigana na Wajerumani kwenye nchi isiyo na barabara za lori, yenye mbung'o wanaoua farasi, ng'ombe na punda. Risasi, unga na dawa vingefika mbele kwa njia moja tu, migongoni na vichwani mwa wanaume. Wakaunda Carrier Corps. Watu walipolitamka jina hilo likawa Kariakoo. Soko la Kariakoo Dar es Salaam na mtaa wa Kariokor Nairobi vimesimama mahali ambapo wabebaji hao walikuwa na kambi. Ukishuka Kariokor kula nyama choma, uko kwenye keria ya kwanza.

Mwaka 1917 ndio ulikuwa mbaya zaidi. Serikali iliamuru uchukuaji wa jumla, machifu wakapewa idadi ya kutimiza, na wilaya za Wakikuyu zikakamuliwa. Nyeri ilikuwa boma changa bado, Meinertzhagen aliianzisha mwaka 1902, kwa hiyo kuna wanaume waliomwona mzungu wa kwanza wakiwa watoto na kufikia umri wa kuoa wakajikuta kusini mwa Tanganyika na sanduku kichwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 50 hadi 60, kama kilo 23 mpaka 27. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga ambao haukuiva. Kutoka upande wa Kenya peke yake walikufa zaidi ya 40,000, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Ukipita Kenyatta Avenue pale Nairobi utaona sanamu ya shaba ya watu watatu, imesimama tangu 1928. Mmoja wao hana bunduki. Huyo ndiye.

Hiyo kilo 23 iweke kichwani, tutaihitaji.

Nyumbani mzigo ulikuwa wa wanawake. Mukwa, ule ukanda wa ngozi, unapita kwenye paji la uso, na kuni au viazi vinakaa mgongoni. Shosho wangu ana bonde dogo juu ya nyusi, linaonekana akivua kitambaa. Nikiwa mtoto nilidhani alizaliwa nalo.

Reli ya kutoka Thika ilipanda polepole mpaka ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 30, lakini reli ilijengwa kufuata mashamba ya walowezi, haikupita mlangoni kwa mtu. Wakati wa vita vya pili Karatina kulikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za wanajeshi, na mboga hizo zilitoka mashambani kwa mgongo mpaka mahali lori linaweza kufika. Baada ya vita yakaja mabasi ya mashambani. Hapo ndipo keria ya pili inazaliwa: basi lenye ngazi nyuma, vyuma juu, na utingo, taniboi kama tunavyosema huku, ambaye kazi yake ni kukimbia na kupanda gari likiwa tayari linaondoka. Mgongo ulikuwa umepata mahali pa kushusha. Lakini hata hapo bado kuna mtu anayepandisha gunia la kilo 90 kwa ngazi. Watu husema gari lilibeba mzigo, na huyo jamaa hakuna anayemtaja.

Halafu ikaja Pijo.

Kama una miaka chini ya 30 huenda humjui Pijo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 akashinda 1975 na 1978. Hayo hayakuwa matangazo ya televisheni, watu walisimama kando ya barabara wakaona gari la Mfaransa likitoka kwenye matope ambayo mengine yamebaki ndani. 504 ikawa inaunganishwa hapa hapa Kenya, mpaka 2004. Ile ndefu ya familia ilikuwa na safu tatu za viti, na nyuma ekseli nzima iliyokalia springi nne za koili. Ilitengenezwa kwa ajili ya baba wa Kifaransa na watoto wake wakienda likizo. Sisi tuliangalia tukaona matatu ya Nyeri–Nairobi, kilomita 150 hivi, na watu zaidi ya aliowafikiria mhandisi wa kule Sochaux.

Na ilikuwa na gata. Hili ndilo fundi wangu alilieleza kwa upendo kabisa, kama mtu anayezungumzia mchumba wa zamani. Magari ya siku hizo yalikuwa na ukingo wa chuma unaozunguka paa lote kuzuia maji ya mvua yasimwagike mlangoni. Gata hiyo imechomelewa mahali ambapo paa na ubavu vinakutana, yaani sehemu ngumu kuliko zote. Keria ya Pijo ilikuwa na miguu minane hata kumi, kila mguu umeshika gata na bolti, kwa hiyo uzito hausimami katikati ya bati, unashuka pembeni kwenye nguzo za gari. Land Rover ilikuwa nayo. Land Cruiser za mstari wa 70 bado wanayo, Hiace pia. Magari madogo mengi yaliipoteza watengenezaji walipoanza kutafuta umbo laini linalokata upepo. Probox haina. Keria yake inashika ukingo wa juu wa mlango kwa ndoano, na ndoano inashika kadiri bati lilivyo imara. Basi.

Mwaka 1973 Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni zile za mabasi, na biashara ikafunguka kila mji wa mlima. Embu, Kerugoya, Karatina, Nyeri, Nanyuki, Meru, kila stendi ilikuwa na Pijo zilizopangwa mstari zikisubiri kujaa. Juu kulikuwa na nini? Kabeji na karoti za Karatina. Kuku kwenye tenga, wanaofika Nairobi wamechanganyikiwa na upepo. Kitanda cha mtu aliyepata kazi. Januari kulikuwa na masanduku ya chuma na magodoro ya fomu wani, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, na ukiwa ndani unasali mvua isinyeshe kabla ya shule maana godoro likilowa ni lako muhula mzima. Keria ilikuwa inatangaza mambo ya nyumbani kwako kwa barabara yote. Mtu akisimama kando alijua nani anahama na nani ameoa.

Na nani amekufa.

Guka alifariki Nairobi mwaka 1994. Familia haikuwa na pesa za gari la maiti. Walikodi Pijo nzima, jeneza likafungwa juu ya keria kwa mipira ya tyubu na kufunikwa turubai, vitambaa vyekundu vikafungwa kwa vioo vya pembeni. Shosho alikaa safu ya katikati, chini yake hasa. Anasema hakulia njia nzima kwa sababu alikuwa anasikiliza. Kila kona alisikia mbao zikisogea kidogo, tk, halafu zinarudi. Kwenye mteremko wa Sagana akamwambia dereva, "Mwanangu, simama uifunge tena." Dereva akasema mama, imefungwa vizuri. Akamwambia simama. Akasimama, akapanda, akakuta mpira mmoja umekatika.

Mvua iliwakuta Karatina. Hilo analisema kwa kifupi tu.

Kwa hiyo, kwake, keria si kitu cha kwenda nacho kupiga picha ziwani. Sijui ningemjibu nini. Nilimwambia hakuna aliyekufa, tunaenda kutembea tu, akasema "haya" kwa ile sauti.

Pijo zilizeeka, Hiace zikachukua stendi. Oktoba 2003 John Michuki, waziri wa uchukuzi na mbunge wa Kangema, alitoa kanuni zake, na Februari 2004 zikaanza kufanya kazi: mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano, watu 14 na si zaidi. Tunazikumbuka kama sheria za abiria, na ni kweli ziliokoa watu. Ila matatu ilipogeuka kuwa mahali pa kuhesabu viti, gunia lilianza kuonekana kama mgeni ambaye hakualikwa. Leo ukipanda matatu ya Nairobi, kabeji za tata yako ziko chini ya miguu yako, au zimetumwa kama paseli kwa meseji, au zimepanda pikapu usiku na mtu aliyelala juu yake. Godoro la fomu wani unalinunua karibu na shule. Keria imerudi mjini kwa mlango mwingine: unaiona wikendi kwenye barabara mpya ya Kenol–Sagana–Marua, juu ya magari ya vijana wa Nairobi wanaopanda Nanyuki, na hema la juu ya paa ambalo peke yake lina kilo 50 au 60, limefungwa kwenye gari ambalo kitabu chake kimeandika usizidishe.

Hapa ndipo niitumie ile kilo 23. Magari madogo mengi yanaruhusu paani kati ya kilo 50 na 75, soma kitabu cha gari lako maana yanatofautiana. Na uzito huo unajumuisha keria yenyewe. Keria ya kikapu ya chuma cha jua kali inaweza kula kilo 20 hapo hapo. Chukua 75, toa 20, unabaki na 55. Hiyo ni mizigo miwili na kitu ya mtu wa Kariakoo. Mhandisi wa Kijapani anakwambia kwa upole kwamba paa lako ni wapagazi wawili, na hao wawili wasikimbie kwenye kona.

Tena hizo namba ni za lami. Kutoka Laisamis kwenda ziwani ni changarawe, na kila tuta linauzidisha mzigo kwa sekunde moja, halafu tena, kwa zaidi ya kilomita 200. Uzito wa juu unalifanya gari liyumbe kama mlevi anayejitahidi kutembea wima. Na kuna upepo. Watu hawajengi mitambo 365 ya umeme wa upepo mahali pasipo na upepo, na mitambo hiyo iko njiani kwenda Loiyangalani. Mzigo mrefu juu ya paa ni tanga.

Kwa hiyo tulirudi kwa fundi na jibu la swali lake. Maji ndani, chini, kati ya viti, yamefungwa. Jiko na mtungi wa gesi ndani pia. Juu: hema, magodoro, na tairi la akiba limelazwa katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Badala ya kikapu tulichukua vyuma viwili vya kukatiza, vyepesi, kwa sababu kikapu kinakuchokoza ukijaze. Mwenzetu mmoja bado anataka kikapu, anasema kinakaa poa kwenye picha. Ni kweli kinakaa poa.

Usiku ule tulipima vitu kimoja kimoja kwa mizani ya ndoano ya shosho, ile aliyokuwa akipimia viazi. Yeye alishika tochi. Ikafika kilo 41. Akaiangalia namba, akaingia ndani, akatoka na mipira miwili ya tyubu iliyokunjwa, mikavu kidogo lakini mizima.

Fundi alikaza kila kitu asubuhi, kisha akakataa pesa. "Nendeni Mweiga mrudi kwanza. Keria mpya lazima ikae." Tukaenda, tukarudi. Akapanda na spana. Nati mbili zilikuwa zimelegea.