Mazingaombwe Yalivyojifunza Kuchekesha

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa Kenya mwaka 1925 enzi za ukoloni, inamwandama anayejidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa nia ya kutia watu hofu, kuwaudhi au kuwadhuru. Kijana anayetaka kufungua pakiti ya karata mbele ya watu pale Wabera, Isiolo mjini, angefanya vyema kuisoma sheria hiyo kabla ya kitabu chochote cha mazingaombwe. Wakiogopa, yuko matatani. Wakicheka, ni msanii.

Na Wabera, kata iliyopewa jina la Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya aliyeuawa Juni 1963, si mahali pa kujaribu hofu. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu wanakutana hapa, na kwa wengi wao sihiri si neno la mzaha. Isitoshe, wafugaji wa kaskazini wana utabiri wao. Mbuzi anachinjwa, mzee anayakunjua matumbo, anakagua mishipa na madoa, kisha anasema mvua itakuwa wapi na hatari itatokea upande gani. Hatanii, wala hakuna anayetarajia atanie. Sasa akija mtu mwingine na kutangaza kwa uso mkavu kwamba ameona unachowaza, atahesabiwa kuwa mpiga ramli, na kesho yake ataletewa wagonjwa.

Tatizo hilo ni la kale. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu cha kupinga mateso ya walioshukiwa uchawi, na ndani yake akaeleza wazi jinsi wacheza karata, sarafu na vitufe wanavyofanya mambo yao. Alitaka mahakimu waone kwamba baadhi ya hayo maajabu ni wepesi wa vidole tu.

Wengine, hata hivyo, waliitaka hofu yenyewe. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe Jean-Eugène Robert-Houdin kwenda Algeria kushindana na marabuti, viongozi wa dini waliokuwa na sauti kubwa kwa wananchi. Alikuwa na kisanduku chenye kitako cha chuma, na chini ya jukwaa ameficha sumaku ya umeme. Mwanamume mwenye nguvu akaitwa, akakinyanyua kisanduku bila shida. Mfaransa akatangaza kwamba amemnyang'anya nguvu zake, sumaku ikawashwa, kisanduku kikagoma kutikisika. Kisha umeme ukapitishwa kwenye mpini, jamaa akapiga yowe na kukimbia. Habari hizi kaziandika Robert-Houdin mwenyewe, kwa hiyo tumpunguzie kidogo. Lakini nia yake haikufichika: watu watishike, watawalike.

Afrika Kaskazini hiyohiyo ndiyo iliyompa mchekeshaji Tommy Cooper kofia yake. Cooper, mzaliwa wa Caerphilly, Wales, mwaka 1921, alikuwa askari wa Uingereza nchini Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Inasimuliwa kwamba jioni moja jijini Cairo alikosa kofia yake ya maigizo, akanyakua tarbushi kichwani mwa mhudumu. Watu wakavunjika mbavu. Tangu hapo tarbushi ikawa alama yake. Mazingaombwe yake yaliharibika moja baada ya jingine, kwa makusudi, naye akibaki ameduwaa kama mtu aliyepotezewa mizigo. Wasiojua walimdhania mbumbumbu, kumbe alikuwa mwanachama wa Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe cha London. Tarehe 15 Aprili 1984 alianguka jukwaani huku televisheni ikirusha moja kwa moja. Ukumbi uliendelea kucheka, ukidhani ni sehemu ya mchezo, kumbe moyo ndio uliokuwa unasimama.

Kwa upande wa kusoma mawazo, aliyelegeza mambo ni Chan Canasta, mzaliwa wa Kraków, Poland, aliyeonekana BBC miaka ya 1950. Aliwaomba watu wafikirie karata, akakisia, na mara nyingine akakosea mbele ya taifa zima. Alitabasamu na kuendelea. Makosa yale yalimjengea imani kubwa kuliko ambavyo usahihi mtupu ungefanya, kwa sababu tapeli hakosei.

Kicheko pia ni kifaa cha kazi. Juan Tamariz wa Madrid, akishaipata karata, huruka na kupiga fidla isiyoonekana, na nani atakumbuka kuangalia mikono yake? Tuihamishie mbinu hiyo Wabera. Umechagua saba ya kopa, ukairudisha. Mchezaji anachanganya, anafumba macho, anatoa nane ya maua kwa mbwembwe. Siyo. Anatoa nyingine. Siyo. Watu wanamzomea, muuza miraa anamwambia arudi shule. Anakaa kinyonge, anaomba amalizie chai yake, ananyanyua kikombe: saba ya kopa iko chini yake. Iliwekwa pale wakati wa kuzomewa, kila mtu alipokuwa anamwangalia usoni.

Ila akipenda kurudi tena Wabera, mzaha umwangukie yeye. Mzee aliyeitwa mbele kushika karata hafanywi kichekesho machoni pa wakwe zake.

Kuna tawi la sanaa hii ambalo Wakenya wamelilipia kwa fedha zao: pata potea. Karata tatu juu ya boksi, domo lisilotulia, vichekesho mfululizo. Huko Marekani karne ya 19, Canada Bill Jones aliwaliza abiria wa meli za Mto Mississippi kwa mchezo huohuo, akijifanya mshamba asiyejua hata kushika karata. Wa kwetu naye anakuchekesha mpaka noti itoke mfukoni. Askari wa kaunti wakitokea, boksi linapigwa teke, na wale wateja watatu waliokuwa wakishinda kila mara wanatokomea pamoja naye.