Furu wa Mwanza, na Namna ya Kuchagua Samaki wa Kufuga Nyumbani

Leo tutazungumza habari za samaki wadogo wa maji baridi, wale wanaofugwa nyumbani katika tangi la kioo na kuzaa humo.

Pengine utauliza, "Mtu akaaye Mwanza, mwenye ziwa zima mbele ya mlango wake, ana haja gani ya kufuga samaki katika kioo?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika historia. Wako samaki waliokuwa wakivuliwa katika ziwa hili ambao watafiti hawajawaona tena majini, lakini wazao wao wako hai katika matangi ya Ulaya na Marekani. Tutazame kwanza jinsi jambo hili lilivyotokea. Ndipo tutakapojua namna ya kuchagua.

FURU NI SAMAKI GANI?

Kila mtoto aliyekulia ufukoni anamjua furu. Ni samaki mdogo, urefu wake mara nyingi hauzidi shibiri moja. Watoto humvua kwa ndoana kwenye mawe, wavuvi humtumia kuwa chambo, na akina mama walimkausha juani bila kuhitaji kuni. Kwa sababu ya udogo wake, watu wengi walimhesabu kuwa samaki mmoja tu, asiye na maana kubwa.

Wataalamu walipomchunguza waliona mambo mengine kabisa. Furu si aina moja. Wanakadiriwa kuwa aina 500 au zaidi katika Ziwa Victoria. Wako walao konokono, wenye mataya ya nguvu ya kuvunja magamba. Wako wakwaruao majani mawe, na walao wadudu wa topeni, na wawindao samaki wenzao, hata na wale wanaonyang'anya mayai na watoto kinywani mwa mama zao. Kila aina ina meno yake na kazi yake, kama mafundi katika mji mkubwa. Tena ziwa hili si la zamani sana: lilikauka, na maji yakarudi kama miaka 15,000 tu iliyopita. Kwa hesabu ya viumbe, huo ni muda mfupi mno kwa aina nyingi kiasi hicho kutokea.

Mwaka 1977 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza pamoja na Watanzania. Wakati huo furu walikuwa wengi hata wakavuliwa kwa nyavu za kukokotwa na meli, wakasagwa kiwandani kuwa unga wa kulishia mifugo. Katika ghuba hii moja watafiti walitambua zaidi ya aina 100, nyingi bado hazikuwa na jina. Mwaka 1985, ambao ndio mwaka Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais, watafiti wawili wa kundi hilo walimpa furu mmoja wa miambani jina la kitaalamu la nyererei, kwa heshima yake. Dume lake ni jekundu mgongoni, na ubavuni ana milia myeusi. Leo huhesabiwa katika ukoo uitwao Pundamilia, jina la Kiswahili lililoingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima.

MGENI ALIYELETWA

Sasa turudi nyuma kidogo. Zamani samaki aliyependwa zaidi ziwani alikuwa ngege. Mnamo mwaka 1905 zililetwa nyavu za kutega za kigeni, na uvuvi ukazidi upesi. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alifanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa ziwa hili, akashauri nyavu zenye macho madogo zizuiwe. Hata hivyo ngege waliendelea kupungua. Katika miaka ya 1950 sato alipandikizwa ziwani ili kuziba pengo. Wengi wetu leo hudhani sato ni mwenyeji wa hapa. Sivyo, mwenyeji ni ngege, ambaye sasa hupatikana zaidi katika maziwa madogo na mabwawa ya kandokando.

Palikuwa na shauri jingine pia. Baadhi ya wakuu wa uvuvi walisema, "Ziwa limejaa samaki wadogo wenye miiba, wasio na bei. Tulete samaki mkubwa awale, nasi tumle yeye." Samaki huyo ni sangara, ambaye aweza kupita urefu wa mtu na uzito wa kilo 100. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kulipinga shauri hilo. Alionya kwamba mla nyama mkubwa huhitaji chakula kingi sana ili aongezeke kidogo, na kwamba haifai kumwachia ziwani kabla ya uchunguzi. Lakini sangara alikwisha tiwa majini upande wa Uganda tangu mwaka 1954, na wengine waliongezwa mwaka 1962 na 1963.

Kwa miaka mingi halikuonekana jambo kubwa. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara waliongezeka ghafula. Katika uchunguzi wa miaka ya 1969 hadi 1971, furu walikuwa kama kilo 80 katika kila kilo 100 za samaki wa chini ziwani. Ilipofika mwaka 1987, katika sehemu kubwa ya maji ya wazi ya Ghuba ya Mwanza walikuwa wametoweka kabisa au karibu kabisa. Wataalamu hukadiria kwamba aina kama 200 zimepotea katika ziwa lote.

Tuseme kweli: sangara alileta fedha nyingi. Wavuvi walijenga nyumba na kusomesha watoto, na tangu miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikafunguliwa Mwanza. Lakini mafuta ya sangara humfanya asikauke juani kama furu. Hana budi kukaangwa au kubanikwa kwa kuni, na miti ikakatwa. Minofu ikaenda ng'ambo, na maskini wengi wakanunua mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki. Waliomchagua sangara walitazama ukubwa na bei tu. Hawakuuliza nani atakosa kitoweo.

FURU KATIKA NYUMBA ZA KIOO

Kabla furu hawajaisha, watafiti walichukua baadhi yao wakiwa hai. Wengine walipelekwa Leiden. Wengine walikwenda Marekani, ambako Les Kaufman wa nyumba ya samaki ya mji wa Boston alikuwa miongoni mwa waliohimiza wazalishwe katika matangi. Wafugaji wa kawaida, watu wenye tangi moja sebuleni, nao walisaidia. Kwa juhudi zao aina kadhaa hazikufa.

Ziwani nako hakukuwa kimya. Katika miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa sana, aina chache za furu zilianza kurudi. Mmojawapo, aitwaye pyrrhocephalus, yaani mwenye kichwa chekundu, alirudi amebadilika. Matamvua yake yalikuwa yameongezeka kwa zaidi ya nusu, apate kupumua katika maji yenye hewa haba, na chakula chake hakikuwa kile cha kwanza. Haya yalitokea katika muda wa miaka 20 hivi. Kwa hiyo samaki aliyehifadhiwa katika tangi tangu zamani ni kama barua ya siku zile: hutuonyesha jinsi ziwa lilivyokuwa.

NAMNA YA KUCHAGUA

Basi, wewe unayetaka kufuga, uchague vipi?

Kwanza, chagua samaki ambaye nyumba yako yamtosha hata akikua. Mtoto wa sangara apendeza, lakini atakula wenzake wote, kisha tangi litamshinda. Sato naye anafaa bwawani. Furu wa miambani ni wa kadiri: tangi la lita 200 hivi lafaa dume mmoja na majike manne au matano, pamoja na mawe mengi ya kujifichia, kwa maana dume ni mkali.

Pili, chagua aina moja tu ya furu kwa tangi moja, na ujue alitoka mahali gani. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Majike ya aina mbalimbali hufanana sana, na furu wa aina mbili wakikaa pamoja waweza kuzaana, na watoto wao nao huzaa. Baada ya vizazi vichache huna tena aina ya kwanza wala ya pili. Andika jina la samaki na mahali alipotoka, uliweke andiko hilo pamoja na tangi. Asiyejua asili ya samaki wake amehifadhi rangi tu.

Tatu, angalia mwanga na maji. Jike huchagua dume kwa kutazama rangi. Ole Seehausen na wenzake walichunguza jambo hili katika furu wa Ghuba ya Mwanza: nyererei mwekundu na ndugu yake wa buluu. Chini ya taa nyeupe, jike alimfuata dume wa aina yake. Chini ya taa ya rangi ya chungwa hakuweza kuwatofautisha. Mwaka 1997 walionyesha kwamba ndivyo ilivyo ziwani pia. Penye maji maangavu, kama kisiwani Makobe, aina hizi mbili hukaa mbalimbali. Penye maji machafu huchanganyika. Kumbe mbolea, udongo na maji ya vyoo viingiavyo ziwani huua aina ya samaki bila kumwua samaki hata mmoja! Nyumbani basi, tumia mwanga mweupe, usilishe kupita kiasi, na ubadili sehemu ya maji kila juma.

Nne, uwe na subira wakati wa kuzaa. Jike huokota mayai yake, makumi machache tu, akayatunza kinywani kwa majuma mawili au matatu, wala hali vizuri. Usimfukuze. Umhamishe polepole katika chombo kingine, na vifaranga vikitoka, uvilishe unga laini wa dagaa.

Tano, kabla ya kutoa samaki hai ziwani, mwone Afisa Uvuvi akueleze sheria na kibali. Na usimwage kamwe samaki wa tangi ziwani, hata akiwa mmoja, hata ukimwonea huruma. Sangara naye alianza kwa samaki wachache tu.

Ndugu msikilizaji, tangi la kioo si ziwa, wala haliwezi kuliponya. Lakini mtu aliyemtunza furu mmoja kwa jina lake hatasema tena kwamba furu wote ni sawa. Na siku watu watakapoitwa kutoa maoni juu ya kuleta samaki mwingine mgeni, atakuwa na la kuuliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Wazee wa kwenu wanawataja furu wa aina ngapi, na kwa majina gani? Yaandikeni.
2. Sangara alileta faida gani kwenu, na hasara gani? Nani alipata, na nani alikosa?
3. Maji ya ufuko wenu ni maangavu au machafu? Uchafu huo watoka wapi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.