Uchaguzi wa Zanzibar wa 1961: Viti Vilipolingana

Wasikilizaji wetu, huku kwetu Ngara na Biharamulo, watu wawili wakigombania mpaka wa migomba, na wazee wakigawanyika sawasawa barazani, twaweza kumwita mzee mmoja zaidi ili upande mmoja ushinde. Kesi itakwisha, je, ugomvi nao utakwisha? Na tutazame habari za Zanzibar.

Mwezi wa Januari, 1961, watu wa Unguja na Pemba walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Wale watatu wakatengana: wawili wakafuata Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, wala hapakuwa na upande uwezao kuunda serikali.

Marekani ilikwisha kupatwa na mkwamo kama huo. Katika uchaguzi wa 1800, Jefferson na Burr walipata kura 73 kila mmoja. Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36, hata tarehe 17 Februari, 1801, Jefferson akashinda. Lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1804 waliirekebisha katiba yenyewe, kura ya Rais na kura ya Makamu wake zikapigwa mbalimbali.

Zanzibar kiliongezwa kiti kimoja, vikawa 23, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni, 1961. Fujo zikazuka Unguja, watu 68 wakafa. Afro-Shirazi kilipata viti 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Hizbu na ZPPP walikuwa wameungana, basi wakashika serikali, na Muhammad Shamte akawa kiongozi wake. Walakini Afro-Shirazi kilikuwa kimepata kura nyingi kuliko vyama vile viwili pamoja. Mwaka 1963 kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, na viti 13 tu katika 31. Tarehe 12 Januari, 1964, mapinduzi yakaiangusha serikali.

Hatusemi kwamba hesabu ya viti peke yake ndiyo iliyoleta mapinduzi. Yalikuwapo manung'uniko mengi ya zamani. Twasema hivi: kiti cha 23 kiliondoa sare, hakikuondoa uchungu. Mzee wa ziada humaliza kesi. Amani hupatikana wazee wanapoinuka barazani, wakaenda shambani kuutazama mpaka wenyewe.