Jinsi njia mpya ya kukwea jiwe-mchanga inavyofunguliwa na kupewa daraja

MKENYA aliyezuru Hell's Gate karibu na Naivasha huenda amewaona vijana wakiuparamia Mnara wa Fischer, kamba zikiwa viunoni na kofia ngumu vichwani. Mnara huo ni zao la volkano. Kwingineko duniani, hata hivyo, baadhi ya majabali mashuhuri katika mchezo huu ni ya jiwe-mchanga, na huko kufungua njia mpya ni kazi inayotawaliwa na sheria nyingi na inayozua mabishano makali.

Sababu yake imo ndani ya jiwe lenyewe. Jiwe-mchanga ni chembe za mchanga zilizogandamizwa kwa mamilioni ya miaka na kushikamanishwa na madini. Linapokuwa kavu huweza kubeba uzito mkubwa ajabu. Linaponyeshewa, maji hupenya kati ya chembe hizo, na baadhi ya aina za jiwe hili hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Uso wa jabali unaweza kuonekana umekauka ilhali ndani bado kuna unyevu. Mtu akikwea katika hali hiyo, kishikizo kilichodumu miaka mingi humeguka mkononi mwake, na njia iliyokuwa rahisi hugeuka kuwa ngumu daima. Vibaya zaidi, chuma kilichopigiliwa ukutani ili kumzuia asianguke huweza kung'oka.

Hakuna mahali jambo hili limefikiriwa kwa muda mrefu kama katika jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Kusini mashariki mwa jiji la Dresden, kandokando ya mto Elbe hadi kwenye mpaka wa Czech, kuna minara zaidi ya 1,000 ya jiwe-mchanga iliyosimama peke yake msituni. Mnamo 1864, wanamichezo wa sarakasi kutoka mji wa Bad Schandau waliukwea mnara wa Falkenstein kwa kutumia vifaa vya kujisaidia. Miaka kumi baadaye, mnamo 1874, mnara wa Mönchstein ulikwewa kwa mikono na miguu pekee. Wengi hulihesabu tukio hilo kuwa chanzo cha ukweaji huru katika eneo hilo.

Mwanasheria Rudolf Fehrmann alichapisha kitabu cha mwongozo mnamo 1908, kisha kanuni zikaandikwa na kukubaliwa katika miaka iliyofuata. Pengine si ajabu kwamba ni mwanasheria aliyeongoza shughuli hiyo, kwani kanuni zile zinasomeka kama katiba. Mkweaji haruhusiwi kujivuta kwa kifaa chochote cha bandia. Kamba na pete za chuma ni za kumlinda akianguka tu. Haruhusiwi kuchonga kishikizo. Poda nyeupe ambayo wakweaji wengine duniani hupaka mikononi ili kukausha jasho imepigwa marufuku. Vipande vya chuma vya kukabia nyufani pia havitakikani, kwa kuwa huukwangua mwamba. Badala yake mkweaji hufunga fundo katika utepe au kamba, akalisokomeza ufani na kuomba lisichomoke. Mwamba ukilowa, hakuna kukwea.

Kanuni inayomhusu zaidi mfunguaji wa njia mpya ni ile inayomlazimu kuanzia chini. Hateremshwi kwa kamba kutoka kileleni ili apige mashimo kwa starehe. Hupanda hatua kwa hatua, na anapofika mahali anapoona hatari imezidi, husimama hapo na kutoboa shimo la pete kwa mkono, akigonga nyundo huku vidole vya miguu vikitetemeka. Aidha, pete mbili haziruhusiwi kuwa karibu kuliko mita tatu. Kwa kawaida huwa mbali zaidi ya hapo, maana kuitoboa kila moja ni jasho tupu.

Hapo ndipo penye utata. Yeyote anayeifungua njia ndiye anayeamua hofu ambayo wote watakaomfuata watakumbana nayo. Akiwa hodari na jasiri, ataweka pete chache; miaka thelathini baadaye kijana asiye na uwezo kama wake atajikuta mita nyingi juu ya pete ya mwisho, bila njia ya kurudi. Wala mtu hawezi kujiongezea pete atakavyo. Pete ya baadaye huhitaji idhini, na chama cha wakweaji cha Saxony, kilichoasisiwa 1911, kina kamati zinazoshughulikia masuala ya aina hiyo. Wapo wanaosema kwamba utaratibu huo unaheshimu historia, na wapo wanaosema unacheza na roho za watu. Mwandishi wa makala haya anaona kila upande una hoja, ila mwenye kuanguka ni mmoja tu.

Bingwa wa mtindo huo ni Bernd Arnold, mzaliwa wa Hohnstein mwaka wa 1947, ambaye alifungua mamia ya njia enzi za Ujerumani Mashariki, mara nyingi akikwea miguu mitupu. Kabla yake kulikuwa na Fritz Wiessner, mzaliwa wa Dresden aliyehamia Marekani mnamo 1929 na kuueneza moyo huo wa ukweaji huru ng'ambo ya bahari.

Huko Marekani kwenyewe kuna jiwe-mchanga tele, na utaratibu ni mwingine kabisa. Katika bonde la Red River Gorge, jimboni Kentucky, kuta zinazoegemea nje kama paa la nyumba zimejaa mashimo na vingo vya kushikia. Mfunguaji wa njia huko kwa kawaida huteremka kutoka juu, husugua uchafu, hubomoa vipande vilivyolegea visije vikamwangukia mtu, na hujaribu miondoko kabla ya kutoboa. Drili ya betri humaliza kwa dakika chache shimo ambalo Msaksoni angeligonga kwa muda mrefu.

Wepesi huo una masharti yake. Bolti ya kawaida hushika kwa kutanuka ndani ya shimo, na katika jiwe laini shinikizo hilo huweza kuponda kingo za shimo hadi chuma kikaanza kucheza. Kwa hiyo wengi huchagua bolti ya chuma kisichoshika kutu inayogandishwa kwa gundi maalumu, ambayo hutawanya uzito katika urefu wote wa shimo. Shimo lazima lisuguliwe kwa brashi na kupulizwa mpaka vumbi liishe, la sivyo gundi itashika vumbi badala ya jiwe. Kisha bolti huachwa bila kuguswa hadi gundi ikauke sawasawa. Mtu mwenye haraka asipewe kazi hii.

Baada ya mashimo huja daraja. Wasaksoni hutumia namba za Kirumi, na kuanzia VII kila daraja hugawanywa kwa herufi a, b na c. Wana hata kipimo cha pekee, cha tarakimu za kawaida, kwa ajili ya kuruka kutoka mnara mmoja hadi mwingine. Wamarekani huanza na 5 na nukta, kama vile 5.9 au 5.14d, huku Wafaransa wakiandika 6a, 7b au 9a. Daraja la 5.14d huchukuliwa kuwa sawa na 9a.

Anayeifungua njia hupendekeza daraja, lakini pendekezo si hukumu. Yeye amekaa siku nyingi akitafuta namna ya kupita; wanaofuata huambiwa siri zote. Mfano mzuri ni njia iitwayo Pure Imagination, iliyoko huko Kentucky. Jonathan Siegrist aliikwea kwa mara ya kwanza mnamo 2010, ikatajwa kuwa 5.14d. Mwaka wa 2011 Sasha DiGiulian, aliyekuwa bado kijana wa miaka 18, alifaulu kuipanda na kusifiwa kuwa Mmarekani wa kwanza wa kike kufikia daraja hilo. Baadaye wakweaji waliofuata waliona inastahili 5.14c, na daraja likashushwa. Ukuta haukubadilika hata kidogo, wala jasho lililomtoka dada huyo.

Kisichosemwa na daraja ni hatari. Njia mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kama usiku na mchana, moja ikiwa na bolti kila baada ya hatua chache na nyingine ikiwa na pete mbili tu kutoka chini hadi kileleni. Ndiyo maana vitabu vya mwongozo vya Saxony huweka nyota mbele ya njia nzuri, na alama ya mshangao mbele ya njia ambayo kinga yake haitoshi. Wenyeji hutazama kwanza ile alama, kisha wakatazama mbingu kama mvua ilinyesha jana, ndipo wakafungua mikoba ya kamba.